Matundu Niliyoyaziba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuziba matundu.

Risiva ya dishi, kwa asiyewahi kuitazama kwa karibu, ina matundu membamba juu na ubavuni, yamepangwa kama mbavu za samaki. Niliyaziba yote kwa tepu pana ya kahawia, na wala sikuyaziba kwa haraka. Nilikata vipande kwa wembe, nikavipima kwa rula, nikavibandika kimoja kimoja huku nikivisugua kwa ukucha ili pasibaki hata kiputo. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikaitazama kazi yangu, nikajiona fundi.

Sababu ilikuwa mjusi kafiri. Redio ya kwanza niliyoifungua maishani mwangu, nikiwa bado shule, nilimkuta mjusi ndani amekauka juu ya waya, mkia huku, kichwa kule, na redio imekufa pamoja naye. Tangu hapo niliamini kuwa adui wa chombo cha umeme ni kile kinachoingia: mjusi, sisimizi, mende, vumbi la mtaa wetu wa Makorora, hapa Tanga, na ule upepo wa chumvi unaokula misumari ya mabati. Kwamba kuna kitu ambacho kinataka kutoka, hilo hakuna aliyeniambia. Sikuwa na mwalimu.

Baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya shamba la mkonge. Shamba lilipofungwa alirudi nyumbani na sanduku la zana zake, akalisukuma chini ya kitanda, na kwa muda mrefu hakuligusa. Niliyeligusa ni mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Nilijifunza randa na patasi kwa kukumbuka mikono ya baba, na nikajifunza umeme kwa kufungua redio mbovu za majirani, nikisaidiwa na kitabu cha Kiingereza kilichokosa kurasa za mwanzo na za mwisho. Ukurasa wa kwanza niliokuwa nao ulianza katikati ya sentensi. Mpaka leo sijui sentensi ile ilikuwa inahusu nini, na imenisumbua kuliko inavyostahili.

Nataka niseme wazi nilivyokuwa, maana bila hilo kosa lenyewe halieleweki. Mtu aliyejifundisha kazi peke yake ana hofu moja: kwamba siku moja atatokea aliyefundishwa, atafungua alichokifunga yeye, na atacheka. Kwa hiyo kila nilichokishika nilikifanya kiwe kizuri. Nilipanga nyaya kama nywele zilizosukwa. Nilikwangua risasi ya kuungia nyaya iliyoganda vibaya nikaiyeyusha upya mara tatu, mara nne, mpaka ing'ae kama tone la maji. Nilidhani uzuri ni kinga. Mtu akifungua, akiona uzuri, atasita kidogo kabla ya kucheka.

Miaka ile vitu vilikuwa vimeanza kuingia. Nilipokuwa mdogo tulipanga foleni ya sabuni, na mwenye redio ya kaseti alijulikana mtaa mzima. Kisha masharti ya biashara yakalegezwa, na kila jahazi lililokuja kutoka Unguja na Pemba lilishusha kitu kutoka Arabuni: mafeni, deki za video, televisheni zilizokwisha kutumika na watu wengine. Mwishowe yakaja madishi, makubwa, ya nyavu, yakisimama uani penye nyumba za udongo kama vyungu vilivyosahauliwa. Vitu viliingia haraka kuliko watu wa kuvijua. Pengo hilo ndilo lililonipa kazi.

Wazee wawili waliotoka Pemba, mume na mke ambao sote tuliwaita babu na bibi, walikaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Babu alikuwa amefanya biashara ya karafuu, kisha ya nguo, mpaka kiharusi kilipomkamata upande wa kulia. Kitanda chake kikahamishiwa sebuleni ili asikose wageni. Binti yao aliolewa Maskati, na yeye ndiye aliyemkabidhi ndugu risiva ile na dishi lake awaletee. Kabla hajaolewa alikuwa amefuma vitambaa vyeupe vyenye ukingo wa majani ya kijani: kimoja cha redio, kimoja cha deki, kimoja cha chupa ya chai, na kimoja cha ziada ambacho hakikuwa na kazi mpaka risiva ilipofika. Katika nyumba zetu kitu cha thamani hakikai uchi.

Siku ya kwanza nilipofika kufunga dishi nilitoa salamu mlangoni.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," bibi alijibu, kwa utani ule wa bibi na wajukuu. "Ingia. Huyu wa kitandani usimjali, siku hizi hapigani."

Babu aliinua mkono wake mmoja mzima. Maneno yake yalitoka nusu nusu, lakini yalitoka. "Mwizi kaja mchana," alisema. "Bora. Ntamwona uso."

Kisha akaniambia alichokitaka. Mara mbili katika maisha yake alinuia kwenda hija. Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya shida, wakati fedha za kigeni zilipokuwa za kutafutwa kwa tochi mchana, na ruhusa haikutoka. Mara ya pili kila kitu kilikuwa tayari, mpaka nguo za ihramu zimekunjwa, ndipo kiharusi kikaja. Sasa aliambiwa kwamba stesheni ya Makka huonyesha mahujaji wakisimama uwanjani siku ya Arafa, tangu jua la utosi mpaka linapozama. Saa zetu na zao ni moja.

"Nataka nisimame nao," alisema. Akanyoosha kidole kwenye jicho lake. "Kwa hili."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Kusema kweli, mwenye wasiwasi nilikuwa mimi.

Picha ilipopatikana, risiva ilihitaji mahali pa kukaa, na mahali palipokuwepo palikuwa stuli. Sikuweza kuvumilia. Nilichukua mbao za mninga ambazo baba alikuwa amezihifadhi juu ya dari, nikatengeneza kabati. Nilitumia wiki mbili na siku kadhaa. Lilikuwa na ukuta wa nyuma, mlango wa kioo mbele, na maungio ambayo hata karatasi ya sigara haikupenya. Nililijaribu hilo la karatasi, kila pembe. Ndani nilipanga stabilaiza ya kutuliza umeme chini, juu yake deki, juu ya deki risiva iliyozibwa matundu, na televisheni nikaiweka juu ya kabati lenyewe. Bibi akaleta kile kitambaa cha ziada, akakitandika juu ya risiva, akafunga kioo. Majirani walikuja kutazama. Walitazama kabati kabla ya kutazama picha, na mimi nilisimama pembeni nikijifanya natafuta bisibisi.

Baada ya siku chache bibi alimtuma jirani aniite.

"Chazima," bibi aliniambia nilipofika. "Chafika saa nzima, chaanza chenga, kisha kwisha. Taa nayo yafa."

Nilifungua kioo, nikabonyeza, taa ikawaka na picha ikaja safi.

"Ah!" bibi akapiga makofi. "Chakuogopa wewe. Kaa hapa basi, mume wangu, uwe wachungulia dirishani kila saa."

Tulicheka. Nikaondoka. Kesho yake ikazima tena, nikaja, ikawaka tena. Siku ya tatu sikucheka. Nilihisi kwamba kile chombo kinanichezea mbele ya watu, na jambo hilo lilinichoma kuliko ubovu wenyewe. Leo najua kilichokuwa kikitokea: kwa muda wa mimi kuitwa na kuvaa viatu na kufika, ilikuwa inapoa. Wakati ule nilitafuta mkosaji, na mkosaji nilimwona amekaa juu ya risiva, mweupe, na majani ya kijani pembeni.

"Bibi," nilisema, "tatizo ni hiki kitambaa."

"Kitambaa?"

"Chombo hiki kinapumua. Mkikifunika mnakinyima hewa. Vyombo vya kisasa si vya kutandikwa kama meza. Ndiyo maana vitu haviishi majumbani mwetu."

Nakumbuka kila neno, na nakumbuka sauti niliyoitumia, sauti ya mtu anayesoma kitabu chenye kurasa zote. Nilisema kwamba chombo kinapumua, mimi ambaye nilikuwa nimekiziba pua kwa tepu. Sikuona kinachogongana. Katika akili yangu tepu ilikuwa kazi ya fundi na kitambaa kilikuwa uzembe wa nyumbani.

Bibi hakubisha. Alikitoa kitambaa, akakikung'uta ingawa hakikuwa na vumbi, akakikunja mara nne. Alinyanyua mfuniko wa sanduku lililokuwa miguuni pa kitanda, akakiweka humo, juu ya zile nguo nyeupe za ihramu. Babu alimfuata kwa macho mpaka mfuniko uliporudi.

"Mwanao atauliza," alisema taratibu.

"Akiuliza ntamwambia fundi kakataa," bibi akajibu.

Hapo ulikuwa umebaki muda mdogo. Mwezi wa Mfunguo Tatu uliandama, mwezi wa hija, na mtaani watu wakaanza ule ubishi wao wa kila mwaka, nani kauona na nani hakuuona, tufuate wa kwetu au wa Makka. Babu hakuingia katika ubishi. Yeye alifuata wa Makka, kwa sababu picha ilitoka Makka. Zilibaki siku tisa.

Bila kitambaa risiva ilidumu kidogo zaidi, kisha ikazima vilevile.

Niliichukua nikaenda nayo nyumbani. Nilifungua mfuniko, nikatazama ndani, nikabadilisha kapasita mbili zilizokuwa zimeanza kuvimba vichwa. Niliiwasha juu ya meza bila mfuniko wake, toka asubuhi mpaka adhuhuri ikapita. Sikuwa na dishi la kuona picha, lakini taa yake haikuyumba. Nikaifunga, nikairudisha, nikaiweka katika kabati, nikaaga kwa kujiamini. Kabla sijafika kwetu jirani alikuwa ananikimbilia nyuma.

Nikageuza papo hapo. Safari hii nilifika mapema, kabla haijapoa. Nilifungua kioo, na joto likanipiga usoni. Niliingiza mkono. Ubao wa juu, chini ya televisheni, ulikuwa wa moto. Pembe zote zilikuwa za moto. Joto la stabilaiza lilipanda kwenye deki, la deki likapanda kwenye risiva, na la risiva halikuwa na pa kwenda, kwa sababu mimi nilikuwa nimehakikisha kwa karatasi ya sigara kwamba hakuna pa kwenda.

Nikajua. Hapa ndipo ninapotaka kuungama hasa. Kuziba matundu kulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Lakini siku ile nilijua, mkono wangu ukiwa ndani ya kabati, na niliutoa mkono nikafunga kioo nikasema, "Ni umeme, babu. Umeme wa Tanga unapanda na kushuka. Washeni nusu saa, zimeni nusu saa."

Sikuweza kulitoboa kabati lile. Nilijiambia nitatafuta njia nyingine. Nililiona akilini limetobolewa nyuma, na watu walewale waliolisifu wakiuliza mbona lina matundu, na mimi nikijibu kwamba nilikosea. Na zaidi ya hayo, ningelazimika kusema neno kuhusu kitambaa.

Basi babu akaanza kutazama Makka kwa nusu saa. Nilimkuta mara moja alasiri, hotuba inaendelea, imamu ameinua kidole, na bibi anainuka kwenda kuzima kwa sababu saa ya ukutani imefika.

"Amalize hilo neno tu," babu alisema.

"Fundi kasema nusu saa."

"Neno moja."

"Ukilisikia hilo wataka jingine. Nakujua." Akazima.

Babu akageuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimekuja na bisibisi mkononi, sina hata kazi ya kufanya nayo. Niliitia mfukoni. Nikaketi mkekani, nikanywa chai niliyopewa.

Siku ya nane ya mwezi nilikuwa pale tena. Nilikuja karibu kila siku, nikipima umeme kwa mita pale nilipokwisha kupima. Ilikuwa mchana, joto la kabla ya masika, lile ambalo hata ukuta unatoa jasho. Bibi alikuwa uani, anapika wali wa nazi. Alitoka jikoni huku ameshika koleo, maana alikuwa ndio kwanza amepalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Aliingia sebuleni, akaweka koleo chini, akafungua kioo cha kabati ili afute vumbi. Nusu saa ya kuwasha ilikuwa inakaribia kwisha. Aliingiza mkono na kitambaa cha kufutia.

"Yallah!" Akautoa mkono. Akautazama, akaurudisha ndani polepole, kama anayepima uji wa mtoto. "Njoo uone, mume wangu. Moto chini, moto juu, na mfuniko umekaza. Mie nahangaika na makaa huko nje kumbe wali ungeivia humu!"

Babu alianza kucheka. Kicheko chake kilitoka upande mmoja wa mdomo na hakikukoma. "Ulete," alisema, "ulete wali... tuupalie... kwa risiva."

Na mimi, badala ya kucheka, niliweka mita chini. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu.

"Kosa si la kitambaa. Kosa langu. Nimelifunga kabati halipitishi hewa, na risiva yenyewe nimeiziba matundu kwa tepu. Nimejua tangu siku tano zilizopita. Niliwaambia ni umeme."

Kwenye televisheni mahujaji walikuwa wanapanda mabasi kuelekea Mina.

Bibi aliniangalia sana. "Siku tano," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na mwenzangu huyu nilikuwa namzimia katikati ya hotuba."

"Ndiyo, bibi."

"Na kitambaa cha mwanangu kimelala sandukuni kama mwizi."

Niliangalia mkeka. Nilikuwa nimeogopa miaka yote aje mtu aliyefundishwa afungue kazi yangu acheke. Hakuja mtu huyo. Aliyefungua alikuwa bibi mwenye koleo la makaa, anayejua kupalia wali, na hakuwa anacheka.

Babu ndiye aliyeninusuru. "Arafa lini?" aliuliza.

"Kesho, babu."

"Basi toboa."

Nilikimbia nyumbani kuchukua keekee ya baba na msumeno mdogo. Baba alikuwa amekaa kibarazani. Aliniona nimeibeba keekee, akauliza naenda kutoboa nini. Nikamwambia. Akasema, "Nilipoona unajaribu kwa karatasi nilitaka kukuuliza humo kutakaa nini. Nikaona unajua." Akanipa na kipande cha msasa.

Tulilivuta kabati mbele. Nilitoa rula na penseli, nikaanza kuchora mstari nyuma yake, sentimita kwa sentimita, ili matundu yakae sawa. Mstari ukapinda; nikaufuta nikaanza tena. Bibi alikuwa amesimama juu yangu. Aliinama, akaichukua rula mkononi mwangu, akaiweka kwapani.

"Nani atakwenda nyuma ya kabati kuhesabu?"

"Yatakuwa yamepinda, bibi."

"Hewa haina macho. Toboa."

Nikatoboa. Tundu la kwanza lilitoka na vibanzi pembeni, la pili likakaa juu ya la kwanza, la tatu likakimbilia kushoto. Kila moja liliniuma, sisemi uongo. Babu alikuwa anahesabu kwa kidole kwenye shuka. Nilipofika kumi na saba ubao ukaanza kupasuka kwa juu, nikasimama, na badala ya kuendelea na keekee nikakata kwa msumeno mwanya mrefu chini na mwingine juu, ili hewa baridi iingie huku na ya moto itokee kule. Nikatoa stabilaiza nikaiweka nje, sakafuni. Deki nikaiweka mahali pake peke yake. Nikang'oa tepu zote kutoka kwenye risiva. Gundi ilibaki, nikaisugua kwa mafuta ya taa, haikutoka yote. Bibi alikuwa na vibiringi vya uzi vilivyokwisha uzi. Alinipa vinne, nikaviweka chini ya miguu ya risiva ili hewa ipite hata chini ya tumbo lake. Kwa ajili ya mijusi nilipigilia wavu wa dirisha, ule wa matundu, nyuma ya mianya.

Kabati likawa baya. Kwa mbele halikubadilika, lakini mimi nilijua.

Siku ya Arafa nilifika kabla ya adhuhuri. Bibi alikuwa amefunga, mimi pia. Babu, ambaye daktari alimkataza kufunga, alikuwa amevalishwa kanzu iliyopigwa pasi, na ameegemezwa kwa mito mitatu ili akae wima kadiri alivyoweza. Shuka la juu la zile nguo za ihramu lilikuwa mabegani mwake. Bibi alisema aliliomba mwenyewe. Sikuuliza kama inafaa.

Tukawasha. Saa moja ikapita. Nilikuwa nimekaa karibu na kabati, na kila dakika chache nilipeleka kiganja nyuma, kwenye matundu. Hewa iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtu. Saa ya pili ikapita. Uwanja wa Arafa ulikuwa mweupe kwa watu, na babu midomo ilikuwa inacheza, nusu ya midomo, bila sauti.

"Acha kukipapasa," bibi aliniambia kwa kunong'ona. "Wamtia wasiwasi."

"Nani, babu?"

"Chombo."

Alasiri, bila onyo, picha ikajaa chenga. Niliruka. Nilitia mkono katika kabati, uvuguvugu uleule, taa inawaka, waya zimekaza. Babu alinigeukia, na jinsi alivyonitazama sitaki kuieleza. Nikatoka mbio uani. Juu ya kile kichwa kidogo kinachokaa mbele ya dishi alikuwa ametua kunguru, amepanua mbawa nusu, anajianika jua. Nilichukua ndara ya bibi nikamrushia. Aliondoka kwa kiburi, bila haraka.

"Ni nini?" bibi aliuliza dirishani.

"Kunguru!"

Nilisikia babu akicheka ndani, kicheko cha upande mmoja. Niliporudi picha ilikuwa imetulia na machozi yalikuwa yanamtoka jicho la kushoto, na sikuweza kujua ni ya kicheko au ya kitu kingine. Nilikaa. Sikugusa kabati tena.

Jua lilizama kule na lilizama kwetu. Muadhini wa Makorora alianza kabla mahujaji hawajaondoka uwanjani. Bibi alinipa tende, akala yake, kisha akaenda kwenye sanduku, akatoa kile kitambaa. Alikuja akasimama mbele ya kabati.

"Haya, fundi. Nikiweke wapi pasipokuwa na dhambi?"

Niliinua televisheni, nayo nzito, nikaishika kifuani. Akakitandika chini yake, juu ya mninga, ukingo wa majani ya kijani ukaning'inia mbele ya kioo. Upande wa nyuma alikikunja kwa ndani, vidole viwili, kisifikie mwanya. Alipima kwa jicho tu, na kilikaa sawasawa.

Babu aliishi mpaka Arafa mbili zaidi. Alipofariki, bibi alihamia Maskati kwa binti yake, na kabati akaniachia mimi. Lipo nyumbani kwangu, nyuma lina matundu kumi na saba yasiyofuatana, na sijayarekebisha. Bado napima kwa rula na bado nakwangua risasi mara tatu. Lakini nikiitwa kwenye nyumba ambayo chombo kinazima, naanza kwa kutia mkono na kusikilizia joto, kabla sijasema neno juu ya kitambaa cha mtu. Na nikigundua kwamba kosa ni langu, nasema siku hiyohiyo.